Fundi Aliyekataa Kushona Pazia

Kitinda alikuwa akitia pindo kwenye sketi ya shule, binti yake alipoingia dukani na kusimama. Hakupiga hodi wala hakuamkia. Alisimama kati ya meza ya kukatia na kabati la vitambaa, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi la njia ya hospitali. Simu alikuwa nayo mkononi. Angeweza kupiga, lakini alikuwa ametembea njia nzima ili asipige.

"Mama," akasema, "simamisha cherehani."

Kitinda hakusimamisha. Miguu yake iliendelea kukanyaga kana kwamba ni ya mtu mwingine. Sindano ikamaliza pindo, ikapita ukingo wa sketi, ikaendelea kushona hewa.

"Mama, wamemvutia pazia."

Hapo miguu ikakoma. Nje, muuza nyanya alikuwa akimcheka mtu kwa sauti, na kicheko chake kikaingia dukani kama kawaida.

"Nani kamvutia?" Kitinda akauliza. Hata yeye hakujua kwa nini aliuliza hilo kwanza.

"Yule nesi mwembamba. Alimshika mkono, akamsikiliza kifua. Halafu akaniambia, 'Pole sana, mwanangu. Naomba ruhusa nivute pazia, tumtengeneze mama.' Akasubiri mpaka nikakubali. Ndipo akavuta."

"Aliomba ruhusa?"

"Aliomba, mama."

Kitinda akalaza paji la uso juu ya cherehani, kwenye chuma chenye baridi, akalia. Alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Lakini ndani ya kilio kile, pembeni kabisa, kulikuwa na neno dogo la shukrani, na neno hilo alilielekeza kwa Mungu. Aliikumbuka hospitali ile ilivyokuwa zamani, siku ambazo hapakuwa na pazia wala mtu wa kuomba ruhusa.

Aliyefariki alikuwa dada yake mkubwa. Mtaani aliitwa Fundi, na baadaye Mama Pazia. Kitinda alimwita Dada tu, ingawa mbele za Mungu alikuwa mama yake hasa. Mama aliyewazaa wote wawili alifariki siku Kitinda alipozaliwa, na baba hakukaa sana baada yake. Dada wakati huo alikuwa msichana ambaye kifua chake kilikuwa hakijajaza gauni. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akaenda kwa mama mmoja mshonaji, akaomba kufundishwa kazi. Mtoto alilala ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa. Ndiyo maana Dada alipenda kumtania alipokua: "Wewe hukulelewa, wewe ulihifadhiwa na vipande vya marinda."

Waliishi vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa duka, cha nyuma kilikuwa kila kitu kingine. Cherehani ilikaa chini ya dirisha ili ipate mwanga, na pembeni palikuwa na pasi ya mkaa ambayo Kitinda aliiogopa kama mbwa. Asubuhi Dada aliomba kabla ya kufungua mlango, mkono mmoja juu ya cherehani kama mtu anayemshika ng'ombe wake. Sala yenyewe ilikuwa fupi: Mungu awape wateja subira, ampe yeye macho.

Na pini. Anayemkumbuka Dada anakumbuka pini. Kazi ilimzoesha kuongea huku zimejaa mdomoni. Alisalimia na pini, alikemea na pini, aliimba nyimbo za kwaya na pini, sauti ikitokea pembeni mwa midomo kama mvuke unaotafuta njia kwenye kifuniko. Wageni waliogopa atazimeza. Wenyeji walijua kwamba cha kuogopa ni siku atakayozitema. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kifua cha gauni lake kwa mstari ulionyooka, kisha akainua macho. "Jamani, Fundi ametema pini," watu walinong'onezana, na mwenye kosa alianza kutafuta mlango ulipo.

Siku moja alitoka hospitali akiwa amezitema tayari.

Alikuwa amemsindikiza muuza mkaa wa jirani kwenda kujifungua. Muuza mkaa alikuwa mwanamke wa mbavu nene na matani mengi, aliyeweza kubeba gunia na kumsimanga mume wa mtu kwa wakati mmoja. Wodi ya wazazi ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vilivyopangwa kuelekea mlangoni, na dirisha lake kubwa lilitazamana na foleni ya dawa. Hapakuwa na kizuizi chochote. Wanaume waliosubiri dawa za kikohozi waliona yote. Wengine waligeuka kwa adabu, wengine hawakugeuka.

"Alikuwa na kitenge kimoja tu," Dada alimwambia Kitinda jioni ile. "Unajua alikifanyia nini? Alijifunika uso. Mwili aliuacha wazi, akafunika uso. Akaniambia, 'Fundi, wakiniona mwili basi, ilimradi wasijue ni mimi. Kesho nitawauzia mkaa.'"

Kitinda alicheka kidogo, kwa sababu muuza mkaa alichekesha hata katika shida. Kisha akaona dada yake hacheki.

Kwa muda mrefu baada ya hapo kazi ya usiku ilikuwa mapazia ya wodi ile. Wanakwaya walichanga kitambaa, Dada akashona. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya: hakuweza kushona kitu kibaya. Alichagua kitambaa cha maua madogo ya buluu. Akatia marinda juu, lesi chini, na vishikizo vya kufungia pembeni vyenye pindo mara mbili. Yalipokamilika aliyaning'iniza dukani, na wateja waliuliza ni harusi ya nani.

Walienda kuyakabidhi Jumapili baada ya ibada, kwaya nzima, kwa nyimbo. Mganga mkuu wa hospitali, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alitoka kuwapokea. Aliyashika mapazia kama anashika mtoto wa mtu mkubwa. Alishukuru mpaka jasho likamtoka.

Baadaye Dada alirudi kumpima mmoja wa manesi sare. Akapita wodi ya wazazi: dirisha lilikuwa wazi vilevile, foleni ya dawa ilikuwa palepale. Akaelekea ofisini kuuliza. Mlango wa mganga mkuu ulikuwa wazi, na dirishani, upepo ukiyachezesha kwa madaha, yalikuwepo maua madogo ya buluu. Chumba cha mikutano nacho kilikuwa kimepambwa.

"Aa, Fundi!" mganga mkuu akasimama kwa furaha. "Umetupendezesha sana. Wageni wa juzi waliuliza tumeyanunua wapi. Tuliona kule wodini yangeharibika bure, ni mazuri mno."

Dada alirudi nyumbani akakaa juu ya kitanda, akacheka mpaka machozi yakatoka, na kwa muda Kitinda hakujua machozi yapi yalikuwa ya kicheko.

"Ungeyashona mabaya," Kitinda akasema.

"Ningeyashona mabaya, mdogo wangu. Lesi ndiyo iliyoniponza."

Mwaka huohuo Kitinda alikuwa ameolewa na fundi bomba, kijana mkimya ambaye Dada alimpenda kwa sababu aliweka kofia yake chini kila alipoingia. Mimba ilipofika, mkunga wa kliniki alimpima presha, akakunja uso, akamwambia asithubutu kujifungulia nyumbani. Kitinda akaitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa akiliona lile dirisha.

Katika siku hizo kikundi cha akina mama wa kanisa kilimwalika mkunga mmoja mstaafu aje kuzungumza. Wengi walitegemea awaeleze habari za lishe. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kitu cha kwanza alichouliza, baada ya sala, kilikuwa hiki: "Mgonjwa akienda hospitali asichunguliwe, ni hisani au ni haki?"

"Ni hisani ya nesi mzuri," mmoja akasema.

"Ni bahati!" akasema muuza mkaa, na ukumbi ukacheka.

"Ni haki," mama yule akasema. "Anayo masikini na tajiri, anazaliwa nayo, hakuna anayempa. Sasa kama ni haki, yupo mwenye wajibu wa kuitimiza. Hospitali ina wajibu, na wanaoipangia hospitali fedha wana wajibu. Ninyi mmefanya nini mpaka sasa?"

Wakamsimulia habari za mapazia ya maua. Wengine walisimulia kwa hasira, wengine kwa aibu. Dada alikuwa nyuma, anarekebisha pindo la joho la mwanakwaya, mdomo umejaa pini.

"Mliwapa zawadi," mkunga mstaafu akasema. "Zawadi mpokeaji huitundika anapotaka. Mtamlaumu kwa lipi? Na mkitoa zawadi kila kitu kinapokosekana, mwenye wajibu atalala usingizi mzuri sana. Kazi yenu si kumbebea mzigo wake. Kazi yenu ni kumuuliza, kumsaidia aone njia, na kurudi kumuuliza tena."

"Kwa hiyo tukagombane na manesi?"

"Mgombane nao kwa lipi? Nesi naye anazalisha mbele ya foleni hiyohiyo. Yeye naye hajapewa hata glovu za kutosha. Nendeni naye."

Dada akatema pini. Alizitema zote, akazichoma kifuani, mstari ukanyooka mpaka karibu na bega.

Akarudi nyumbani na neno ambalo Kitinda hakulitegemea.

"Sishoni tena pazia la hospitali."

Kitinda alikuwa anakunja nguo za mtoto. Alidhani amesikia vibaya. "Husemi kweli."

"Nasema kweli. Tutadai hospitali iweke yake. Ya wagonjwa, yaliyoandikwa kwenye mipango yao, yakichanika waweke mengine bila kumtafuta Fundi."

"Dada, mimi nakaribia kujifungua."

"Najua."

"Lipo jora zima la kitambaa kabatini. Cherehani hiyo hapo. Ni kazi ya mchana mmoja! Unishonee moja tu, baya, nilibebe mwenyewe kwenye mkoba, nikimaliza nirudi nalo."

"Na wa kitanda cha pili?"

"Wa kitanda cha pili ana dada yake!"

"Kama hana?"

Kitinda akatupa nguo chini. "Basi nitajifungulia hapahapa. Sitalala mbele ya wanaume wanaosubiri vidonge. Siendi ng'o."

Dada hakuwa na pini mdomoni, lakini alikaa kama mtu anayezitafuta. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hayo maneno niliwahi kuyasikia. Mama aliyasema hivyohivyo, 'Siendi ng'o.' Mimi alinizalia kule, kwenye chumba kile, dirisha lile. Kuna mwanamume wa mtaani alimwona, na kila alipokutana naye njiani alikuwa anatabasamu. Hakumwambia neno. Alitabasamu tu, miaka yote. Ilipofika zamu yako mama akasema hatarudi. Mimi ndiye niliyeshika beseni, Kitinda. Damu haikukata. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi namwamini Mungu, lakini sidhani Mungu ndiye aliyeliacha dirisha lile wazi."

Kitinda alijua mama alifariki kwa uzazi. Hakuwahi kujua kwa nini hakuwa hospitali. Alikaa chini, tumbo limemjaa mapajani.

"Kama ni hivyo si ndiyo unishonee," akasema huku analia.

"Nikikushonea wewe, utapona wewe. Pazia litahamishwa tena, au litachakaa, na mwingine atafunika uso. Na siku nikifa mimi? Mapazia yafe na mimi?"

"Mimi si huyo mwingine. Mimi ni mdogo wako."

Dada akainama. Alimwokotea nguo za mtoto, akazikunja upya. "Utakwenda hospitali," akasema mwisho, "na mimi nitakuwepo." Kitinda hakusema naye mpaka siku iliyofuata, na chai yake alikunywa akiwa ameupa ukuta uso.

Kamati ya hospitali ilikuwa na kikao ambacho wananchi waliruhusiwa kuhudhuria, ila hakuna aliyewahi kwenda kwa sababu hakuna aliyejua. Nesi wa wodi ya wazazi ndiye aliyewaambia akina mama, kwa sauti ya chini, huku anajifanya anapimwa sare. Wakaenda, wamevaa nguo za kanisani. Kitinda alikwenda pia, amenuna, kwa sababu hasira haikumzuia kutaka kuona.

Wakakaribishwa katika chumba cha mikutano. Dada akapewa kiti karibu na dirisha, chini ya maua yake mwenyewe ya buluu, lesi ikimgusa begani kila upepo ulipovuma. Muuza mkaa akamnong'oneza, "Wamekusalimia," na Kitinda akang'ata ulimi asicheke.

Mganga mkuu aliwasikiliza kwa heshima. Akaeleza kwamba anawaelewa, ila bajeti ni finyu, dawa zenyewe hazitoshi, na pazia ni pambo, litafuata mambo mengine yakikaa sawa.

Dada akasimama. Kitinda alidhani atahubiri. Aliuliza swali moja tu, kwa adabu kabisa.

"Mkuu, samahani. Haya ya humu mliyatundika kwa nini?"

"Haya?" mganga mkuu akayatazama kwa upendo. "Si unajua mwenyewe, Fundi. Watu wanapita hapo nje wanachungulia. Huwezi kuzungumza mambo ya ndani na watu wanakukodolea ma..."

Hakumaliza. Chumba kizima kilimsikia akisimama katikati ya neno. Nesi akatazama viatu vyake. Muuza mkaa alijaribu kuzuia kicheko, kikampitia puani, na mganga mkuu mwenyewe akajifunika uso kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka. Alipouondoa mkono, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mmenipata," akasema. "Basi, chukueni haya. Leo hii. Tuyahamishie wodini."

Kitinda aliinua kichwa. Moyo ulimruka: yalikuwa hapo hapo, yameshonwa, mazuri, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Akamtazama dada yake kwa macho yote ya kuomba aliyokuwa nayo.

Dada akamwona. Akavuta pumzi.

"Asante, mkuu, lakini haya ni zawadi yako, tulishakupa. Tunachokuja kudai ni cha wagonjwa. Kiandikwe katika mpango wa hospitali, kama kinavyoandikwa kitanda. Nasi tutakwenda nawe kwa hao wanaogawa fedha, tukaseme pamoja."

Ilikubaliwa, ikaandikwa, wakapiga makofi. Njiani kurudi Kitinda alitembea upande wa pili wa barabara.

Uchungu ulimshika mchana, kabla kitambaa chochote hakijafika. Fundi bomba alimpeleka kwa teksi, na Dada alikuja mbio nyuma yao, tepu ya kupimia bado shingoni. Kitanda alichopewa kilikuwa palepale mkabala na dirisha. Kitinda alipoiona foleni ya dawa alifunga macho, akatafuta kitenge kwa mkono ili ajifunike uso.

Akasikia hatua. Akafungua jicho. Dada alikuwa amekwenda dirishani. Alisimama katikati yake, mgongo kwa wanaume wa nje, uso kwa mdogo wake, mikono ameinyoosha kushika mihimili ya pande zote mbili, kitenge chake kimetanda kutoka mkono hadi mkono. Alilijaza dirisha lote.

"We mama," sauti ya kiume ikatoka nje, "sogea kidogo, unatuzibia!"

"Nawazibia nini?" Dada akauliza bila kugeuka. Kisha ikasikika sauti ya fundi bomba, yule mkimya, ikiwaambia wazee na vijana wote wageuke watazame ukuta, na asiyegeuka atamjua yeye ni nani. Ilikuwa mara ya kwanza Kitinda kumsikia mumewe akipaza sauti.

"Mama Pazia," nesi akalalamika huku anafanya kazi, "na mwanga wangu je?"

"Washa taa, mwanangu. Nayo ni haki yako."

Ndivyo jina lilivyozaliwa, muda mfupi tu kabla ya mtoto. Dada hakushusha mikono mpaka binti alipolia. Baadaye ikabidi wamkande mabega kwa maji ya moto, na Kitinda ndiye aliyemkanda, mtoto amelala pembeni ndani ya kapu la vitambaa.

"Ulikataa kushona," Kitinda akamwambia.

"Sijashona. Nimesimama tu."

Basi wakacheka, na ugomvi ukaisha kwa njia hiyo, bila mtu kumwomba mwenzake msamaha.

Mapazia ya hospitali yalifika mtoto akiwa anaanza kukaza shingo. Yalikuwa ya kijani, ya kitambaa kigumu kama gunia, hayana rinda wala lesi. Yalizunguka kila kitanda, na dirishani lilikuwapo lake. Dada alikwenda kuyaona akiwa na Kitinda. Alishika ukingo mmoja kwa vidole viwili, akaugeuza, akafumba macho kwa uchungu.

"Tazama pindo hili. Limepinda kama mlevi anayetafuta nyumba."

"Sindano ninayo kwenye mkoba," Kitinda akasema kwa uchokozi.

"Usilete majaribu." Akaliachia, akalilaza vizuri kwa kiganja. "Baya. Lakini ni letu."

Kwa miaka mingi iliyofuata hakuligusa hata mara moja. Pazia likichanika, akina mama walikwenda ofisini na kusema limechanika, mikono mitupu, bila nyimbo. Wakati mwingine waliwekewa jipya upesi, wakati mwingine walirudi kuuliza mpaka makarani wakawajua kwa kikohozi. Walidai pia manesi waajiriwe wa kutosha, walidai mgonjwa aelezwe ugonjwa wake kwa lugha anayoijua, walidai mwenye ulemavu awekewe njia ya kiti chake. Mengine waliyapata, mengine hawajayapata hadi leo. Dada alirudi kila mara kwenye cherehani, akajaza pini mdomoni, akaimba.

Kitinda alijifunza kazi kwenye cherehani ileile. Hata sasa, akiwa na mvi, angetoa vingi ili asikie tena wimbo ule uliotokea pembeni mwa midomo, mchana wa jua kali, pasi ya mkaa ikinukia, mtoto kapuni, na sauti ikisema bila kuinua kichwa, "Mdogo wangu, niwekee uzi, macho yamegoma."

Ugonjwa wa mwisho ulimpunguza Dada kidogo kidogo. Alipolazwa, kitanda chake kilizungukwa na kijani kilekile, kizazi kingine cha kitambaa lakini mshonaji, inaonekana, yuleyule. Vidole vyake vilitambaa usiku na mchana kwenye ukingo wa pazia, vikilisoma pindo.

"Bado limepinda," alimwambia Kitinda.

"Nilete sindano, Dada? Nikunyooshee hili moja tu?"

Alitabasamu kwa shida. "Uliache. Uwaambie wao." Kisha akasema, "Waambie kwa upole. Kazi yao si rahisi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo Kitinda aliyasikia kutoka kwake. Asubuhi iliyofuata alimwachia binti zamu, akaenda kufungua duka, kwa sababu sketi za shule zilikuwa zinasubiriwa na Dada mwenyewe alimfukuza kwa mkono.

Alipofika hospitali na binti yake siku ile ya msiba, nesi mwembamba alikuwa bado nje ya pazia, amesimama kama mlinzi. Akamwamkia Kitinda, akampa pole, akamuuliza kama angependa kuingia peke yake. Ndani walikuwa wamemfunga taya na kumlaza mikono kifuani. Kitinda aliomba, akambusu paji la uso, akakaa naye. Nje zilisikika hatua za watu na troli la chakula, lakini hakuna aliyechungulia.

Walimvalisha gauni lake la kwaya. Kitinda alipolinyoosha kifuani kitu kikamchoma kidole. Zilikuwa pini, mstari ulionyooka, zimesahauliwa tangu mazoezi ya mwisho. Alizichomoa moja baada ya nyingine, akazitia kwenye gauni lake mwenyewe.

Mazishi yalifanyika baada ya ibada ya asubuhi. Mchungaji alisoma, akaomba, hakuongea sana. Muuza mkaa, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alitaka kusema neno akashindwa, akasema tu, "Aliniona nikiwa nimefunika uso," akakaa. Mganga mkuu wa zamani alikuja, mzee, amekonda, akasimama nyuma na manesi. Kwaya iliimba. Fundi bomba na vijana wa mtaa walishusha jeneza kwa kamba, taratibu. Kitinda akatupa udongo, binti yake akafuata, kisha wengine wote. Walipomaliza kufukia waliweka maua, wakasema sala ya mwisho pamoja, wakarudi nyumbani kwa miguu.